Ahadi kwa Fremu ya Mwisho

Kuna swali ambalo kwa nje linaonekana la mafundi tu: kompyuta 40 zinafanya kazi moja, toleo jipya la programu limetoka, tuliweke lini? Nimeishi na swali hili karibu mwaka mzima, kwa sababu katika idara ninakosomea shahada ya uzamili, jijini Dar es Salaam, mimi ndiye ninayetunza mashine za maabara ya uhuishaji. Kadiri ninavyolitazama ndivyo ninavyoona kwamba ufundi ni sehemu yake ndogo. Sehemu kubwa ni ya haki. Je, unaruhusiwa kumbadilishia mtu chombo akiwa katikati ya kazi, hata kama chombo kipya ni bora kuliko cha zamani?

Ili swali lieleweke, ni lazima nieleze kazi yenyewe. Filamu ya katuni inayotengenezwa kwa kompyuta ni mfululizo wa picha, kila moja ikiitwa fremu, na kwa kawaida sekunde moja hula fremu 24. Kila fremu lazima irendwe, yaani kompyuta ikokotoe mwanga unatoka wapi, unagonga nini, na kivuli kinaangukia wapi. Filamu ya dakika tano ina fremu 7,200. Kama fremu moja inachukua dakika 20, kompyuta moja itafanya kazi siku 100 mfululizo bila kupumzika, na bila umeme kukatika hata mara moja. Ukigawa kazi hiyo kwa kompyuta 40, unamaliza kwa saa 60. Ndiyo maana watu wa fani hii huunganisha mashine nyingi kwa mtandao na kuziita shamba la kurenda. Toy Story ya Pixar, iliyotoka mwaka 1995, ilirendwa kwenye shamba la kompyuta 117 za kampuni ya Sun.

Shambani kuna programu moja inayosimamia foleni. Mashine ikimaliza fremu yake inaomba nyingine, na msimamizi anampa yeyote aliye tayari. Kwa hiyo fremu ya 100 inaweza kutoka mashine namba 7, na ya 101 mashine namba 22 upande wa pili wa chumba. Mtazamaji hajui hilo na hapaswi kujua. Kwake filamu ni mkono mmoja. Udanganyifu huu mzuri unasimama juu ya sharti moja: mashine zote zikokotoe mwanga kwa namna ile ile. Mashine namba 22 ikiwa na toleo tofauti, fremu yake inaweza kutoka na kivuli chepesi zaidi au rangi iliyokolea kidogo. Ukiitazama peke yake utasema ni nzuri. Ukiiweka kati ya ya 100 na ya 102, filamu inamemeta kama taa ya kijiji chenye umeme hafifu.

Tofauti hizi si za kufikirika. Blender, programu huria ambayo wengi wetu tumejifunzia, ilipotoa toleo la 4.0 mwezi Novemba 2023 iliunda upya kwa kiasi kikubwa kanuni inayoamua nyuso za vitu zinavyopokea mwanga. Faili la zamani hufunguka na hugeuzwa lenyewe, lakini ngozi na vitambaa vinaweza visionekane kama vilivyokuwa. Watengenezaji walikuwa na sababu nzuri: kanuni mpya iko karibu zaidi na jinsi mwanga unavyofanya kazi kweli. Ni bora. Na ni hapo ugumu unapoanzia.

Muhula uliopita, mwenzangu wa mwaka wa pili alikuwa anarenda filamu ya dakika nane kuhusu bibi anayedarizi kofia. Fremu 11,520, na zaidi ya 7,000 zilikuwa zimeshatoka. Filamu nzima ilikuwa kitambaa: uzi, mikunjo, mwanga wa dirishani juu ya pamba nyeupe. Wakati huo huo wanafunzi wa mwaka wa kwanza walihitaji toleo jipya kwa zoezi lao. Na zaidi ya hayo, mashine zetu zilikuwa bado kwenye Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025. Kubadilisha kila kitu, kuanzia mfumo endeshi, viendeshi vya kadi za michoro hadi programu ya kurenda, kungechukua usiku mmoja na amri chache kutoka kwenye kiti changu.

Nilipomweleza, alinijibu kwa ujumbe mfupi: "Mimi sikatai jipya. Nataka tu nimalize kwa mkono nilioanzia."

Sentensi hiyo ilinisumbua kwa sababu hesabu rahisi ilikuwa dhidi yake. Yeye ni mmoja, wa mwaka wa kwanza walikuwa 17. Anayepima maadili kwa jumla ya faida angesema: boresha, arende upya, wengi wafaidike. Lakini mwanafalsafa wa Uingereza W. D. Ross, katika kitabu chake cha 1930 kuhusu lililo sahihi na lililo jema, alisisitiza jambo ambalo wahenga wetu walishalifupisha kwa maneno matatu: ahadi ni deni. Kwa Ross, nikikuahidi kitu, wajibu wangu hautoki tu kwenye matokeo yatakayokuja kesho. Unatoka jana, pale nilipokuahidi. Hesabu ya faida hutazama mbele tu, na kwa hiyo haimwoni mtu aliyekwisha kuanza.

Utaniuliza: nani alimwahidi? Hakuna karatasi iliyosainiwa. Lakini nadhani shamba lenyewe ni ahadi. Unapopokea fremu ya kwanza ya mtu kwenye foleni, unamwambia bila kusema kwamba fremu ya mwisho itafanyiwa kama ya kwanza. Mkulima anaelewa hili bila kufundishwa. Anaweza kuamini kabisa kwamba mbegu mpya ni bora, lakini haendi kung'oa mahindi yaliyofika kiunoni ili aipande. Anasubiri msimu.

Hapa ndipo ningependa kumaliza na kusema: basi, tusubiri. Lakini shamba la kompyuta halina msimu. Kila siku kuna mtu aliye katikati ya kazi. Ukisubiri kila mmoja amalize, hutabadilisha kitu milele, na kutobadilisha nako kuna wahanga wake. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu la usalama kwenye Windows. Mwezi Mei, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita kwenye tundu hilo hilo katika mashine ambazo hazikuwa zimewekewa kiraka, na hospitali nyingi za umma nchini Uingereza zikalazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Kila aliyechelewesha bila shaka alikuwa na sababu yake. Mgonjwa aliyerudishwa nyumbani hakuulizwa kuhusu sababu hizo.

Haraka nayo ina historia yake. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye hitilafu. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zilianguka, na viwanja vya ndege katika mabara mbalimbali vikajaa watu wasio na pa kwenda. Na kuna njia ya tatu ya kuharibu, ambayo ni kubadilisha nusunusu bila kujua. Kampuni ya biashara ya hisa ya Knight Capital nchini Marekani iliweka programu mpya kwenye seva zake mwaka 2012. Seva zilikuwa nane, saba zikapata programu mpya, moja ikasahaulika. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti, seva hiyo iliamsha msimbo wa zamani uliokuwa umelala miaka mingi. Ndani ya dakika 45 kampuni ilikuwa imepoteza zaidi ya dola milioni 440.

Kiswahili kinajua pande zote mbili. Haraka haraka haina baraka, na pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Wanaochukulia methali kama sheria huona hapa mgongano. Mimi naona zinakubaliana juu ya kitu kimoja: kasi peke yake haiwezi kutuambia lililo haki. Ukitazama visa vile vitatu, swali linalojirudia ni nani alibeba gharama, na kama alijua kwamba anaibeba.

Basi tulifanya hivi. Mashine 32 tulizibadilisha, moja baada ya nyingine, na kila moja tuliipa fremu ile ile ya majaribio ili tulinganishe kabla haijarudi kwenye foleni. Mashine nane tuliziacha na kila kitu cha zamani, tukazitoa kwenye intaneti ya nje ili tundu la usalama lisiwe mlango wa chuo kizima, na kuzipa kazi moja tu: kofia za bibi. Tarehe ya mwisho tuliiandika mlangoni. Ikifika, nane nazo zinabadilika, filamu iwe imeisha au haijaisha.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza hakufurahi. "Kaka, kwa nini mimi nisubiri foleni kwa ajili ya filamu ya mtu mwingine?" Ni swali la haki, na sikutaka kulijibu kwa kumwambia awe na moyo wa kusaidia. Nilimwambia kwamba gharama yake ni kweli, kwamba ina kipimo, mashine nane kati ya 40, na ina mwisho, tarehe iliyo mlangoni. Na kwamba siku atakapokuwa yeye na fremu 7,000 mkononi, mtu mwingine atasubiri kwa ajili yake. Alitikisa kichwa, si kwa kukubali sana. Sidhani alikuwa na wajibu wa kukubali. Alikuwa na haki ya kuambiwa, na aliambiwa.

Pengine ndivyo ninavyoweza kulijibu swali langu. Ubora wa kitu kipya haumpi mwenye funguo ruhusa ya kukiingiza usiku chini ya mikono ya watu waliolala. Lakini ahadi kwa aliyeanza nayo si ya milele. Ni deni, na deni lina siku ya kulipwa. Kati ya mambo hayo mawili kuna kazi ndogo ndogo zisizo na sifa: kutangaza mapema, kuacha njia ya zamani kwa muda unaojulikana, kukagua hata mashine ya mwisho ambayo hakuna anayeikumbuka.

Sisi wa rika hili tunaishi upande wa pili wa kiti hicho. Simu inabadilika tukiwa usingizini. Chuo kinaweza kubadilisha mwongozo wa tasnifu wakati umeshaandika sura tatu. Barabara inafungwa asubuhi ambayo una usaili. Mara nyingi tunaambiwa kwamba ni maboresho, na mara nyingi ni kweli. Tunapolalamika tunaonekana watu wa kuogopa maendeleo. Lakini malalamiko yetu si dhidi ya upya. Tunachodai ni kile alichodai yule dada wa kofia: kwamba anayeshika amri ajue kuna mtu katikati ya kazi, amtafute, na ampe tarehe.

Siku nyingine kiti kitakuwa chetu, na shamba litakuwa kubwa kuliko mashine 40. Siku hiyo mkono wetu utakuwa karibu sana na kitufe, na watu wengi watakuwa kwenye fremu yao ya 7,000.