Adhabu Si Ushahidi

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ina utamu wake barazani, lakini ni kadhi mbaya wa hadithi. Anayedai kuwa mhusika fulani ana ila, sharti aonyeshe ilipoandikwa: ni tendo gani, neno gani, au kimya gani kinachomshuhudia.

Tuchukue hadithi fupi ya Mfaransa Guy de Maupassant, *La Parure*, iliyotoka gazetini mwaka 1884. Mathilde Loisel, mke wa karani wa wizara, anaazima kidani cha almasi kwa rafiki yake tajiri, Bibi Forestier, apate kwenda nacho dhifani. Kidani kinapotea. Yeye na mumewe wananunua kingine kwa faranga 36,000, kisha wanalipa madeni kwa miaka kumi. Mwishowe anaambiwa kuwa kile cha kwanza kilikuwa cha bandia, thamani yake haizidi faranga 500.

Wasomaji wengi hufunga kitabu na kutoa hukumu: tamaa ilimponza. Ukiwadai ushahidi, hukutajia ile miaka kumi. Hapo ndipo hoja inapopinda. Hata mnyenyekevu kuliko wote angeweza kuazima na kupoteza, na msiba ungekuwa ule ule. Adhabu hutuambia yaliyompata mtu, haituambii alivyo.

Ila yake ipo, nayo imeandikwa mahali pengine. Usiku wa dhifa ukiisha, mumewe anamtupia mabegani nguo zao za kila siku za kujikinga na baridi, na kumsihi angoje ndani amtafutie gari. Bibi hamsikilizi. Anashuka ngazi mbio, wasije wakamwona wanawake wanaojifunika makoti ya manyoya. Hakuna aliyemfukuza ila majivuno yake.

Lakini shahidi mwadilifu husema yote. Ile barua ya kumdanganya Bibi Forestier, kwamba kifungo cha kidani kimevunjika na kinatengenezwa, ni mume aliyeitamka. Mke aliandika tu. Tena huyo anayeitwa mpenda anasa ndiye aliyefua nguo na kupandisha maji kila asubuhi, akisimama kila ghorofa kuvuta pumzi, wala deni hakulikimbia. Yamkini majivuno yale yale yaliyomzuia kukiri ndiyo yaliyompa nguvu ya kulipa.

Kwa nini tujisumbue na mtu ambaye hakupata kuwapo? Kwa sababu waliopo twawahukumu vivyo hivyo. Chombo cha jirani kikizama, twauliza alimdhulumu nani; mtoto akiugua, twatafuta kosa la mama. Msiba tumeufanya shahidi, nao haukuona kitu. Mathilde hadhuriki kwa hukumu yetu, jirani hudhurika. Basi na tujizoeze uadilifu kwa yule, tusije tukamwonea huyu.