Bendi Ikivunjika, Jina ni la Nani?

Mkulima wa Runyenjes au Kianjokoma akifikisha kahawa yake kiwandani haondoki bila risiti. Karani hupima, husoma kilo kwa sauti, huandika, na mkulima huikunja karatasi ile akaihifadhi hadi siku ya malipo, hata ikichukua miezi. Karani anaweza kuwa mpwa wake; risiti hutolewa vilevile, wala hakuna anayeona ameshukiwa. Mtoto wa mkulima huyohuyo, ikiwa ni mpiga gitaa, hutunga wimbo na wenzake watatu, wakaurekodi, ukachezwa mjini, na nyumbani kwao kusiwe na hata kipande cha karatasi kinachoonyesha ni wa nani. Jambo hili linanisumbua sana.

Embu na Meru hazikosi wapiga gitaa. Wengi huanzia kanisani, kwa kuwa kanisa ndilo lenye vyombo, spika na ukumbi. Baadaye njia hugawanyika: huyu injili, yule mugithi, na wachache hupenda hevi metali, muziki wa gitaa linalonguruma na sauti ya kukwaruza koo. Najua wazazi wanaousikia wakaogopa ushetani. Mimi hofu yangu kubwa ni kukosa makaratasi.

Tazama bendi inayohesabiwa kuwa chanzo cha muziki huo. Mwaka 1968, katika mtaa wa Aston jijini Birmingham, Uingereza, vijana wanne kutoka familia za wafanyakazi waliungana. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine ya kiwandani, siku yake ya mwisho kazini. Naye hupigia kushoto, kwa hiyo vidole vilivyoumia ndivyo vya kubana nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajifinyangia vikofia vya kuvisha vidole, akavifunika kwa ngozi, kisha akatumia nyuzi nyembamba. Baadaye alizilegeza zisimuumize, na mlio ukazidi kuwa mzito. Kijana wa namna hiyo hashindwi na kazi.

Walijiita Earth, wakagundua kuna bendi nyingine yenye jina hilo, wakageuka Black Sabbath. Albamu ya kwanza waliirekodi kwa siku moja, Oktoba 1969. Ya pili, Paranoid, ilifika namba moja Uingereza mwaka 1970. Aprili 1974 walipiga kwenye tamasha la California Jam, Marekani, mbele ya umati unaokadiriwa kupita watu laki mbili. Aliyewaona siku ile angeapa ni matajiri. Kumbe hawakujua fedha zao zinapitia wapi. Walikuwa wametia sahihi mikataba wasiyoielewa, na walipojaribu kuachana na meneja wao wakajikuta mahakamani. Wakati wa kurekodi Sabotage, albamu ya 1975, hati za mawakili zilikuwa zikiletwa hadi studioni. Wimbo wa mwisho wa albamu hiyo, The Writ, umetokana na kesi hizo.

Fedha zikipotea zinaweza kutafutwa tena. Jina ndilo lililowatesa muda mrefu zaidi. Mwaka 1979 walimfukuza mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, wakaendelea na waimbaji wengine. Mwaka 1986 Iommi alitaka kutoa albamu kwa jina lake mwenyewe, kampuni ya rekodi ikang'ang'ania lazima itoke kwa jina la Black Sabbath. Mwaka 2009 Osbourne alimpeleka Iommi mahakamani jijini New York akidai sehemu yake katika jina, wakapatana 2010. Mwaka uliofuata bendi ikatangaza kuungana tena, lakini mpiga ngoma, Bill Ward, akakaa nje kwa sababu mkataba aliopewa hakuukubali. Wanne wale wa awali walipanda jukwaa pamoja tena Julai 5, 2025, katika uwanja wa Villa Park, kwao Aston. Walikuwa hawajasimama pamoja tangu 2005. Osbourne aliimba akiwa ameketi, na siku 17 baadaye akafariki. Fikiria miaka ya urafiki iliyoliwa na swali ambalo lingeweza kujibiwa kwenye ukurasa mmoja mwaka 1968.

Haya hayakuwapata Wazungu peke yao. Redio za Kenya zimelea vizazi kwa nyimbo za bendi za Wanyika, kutoka Mombasa hadi Maua. Ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga, wakapitia Arusha, wakaingia Kenya na kuwa Simba Wanyika, kwanza Mombasa, kisha Nairobi. Mwaka 1978 wanamuziki waliomzunguka mpiga gitaa Omar Shabani waliondoka na kuunda Les Wanyika, bendi iliyotupa Sina Makosa. Baadaye Issa Juma naye akatoka Les Wanyika na kuanzisha Super Wanyika. George mwenyewe alimwacha kaka yake kwa muda, akarudi. Mnunuzi wa santuri dukani akiona neno Wanyika, angejuaje anamlipa nani? Muziki ulikuwa mtamu kila upande, labda hata tulifaidika kwa kupata nyimbo nyingi zaidi. Lakini kila mgawanyiko uliwafanya wanamuziki hao wagombee wasikilizaji walewale kwa jina lilelile. George alifariki 1992, Wilson 1995.

Wapo wanaojifunza. Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, alikuwa nusu ya Duma, kundi la wawili wa Nairobi ambalo albamu yake ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2020. Alipotoa albamu yake binafsi, The Adept, mwaka 2024, aliitoa chini ya Haekalu, lebo aliyoianzisha yeye. Ukiuliza Haekalu ni mali ya nani, jibu halina utata.

Kwa bendi ya Nkubu au Embu mjini, kazi ni ya jioni moja. Andikeni nani alitunga maneno, nani alibuni melodi, na kila mmoja ana fungu gani. Andikeni jina linabaki kwa nani mmoja akiondoka, na akiondoka anachukua nini: ngoma alizonunua kwa pesa za miraa ya babake, au mgao wa nyimbo tu? Kuandikisha jina la biashara kupitia eCitizen kunasaidia, ila hakumzuii mwingine kulitumia jinsi alama ya biashara inavyozuia. Alama hiyo husajiliwa na Taasisi ya Mali ya Viwanda, KIPI, kwa miaka 10 na inaweza kuhuishwa. Nyimbo zenyewe zipelekwe kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Meneja akija na mkataba, usitiwe sahihi siku hiyo hata akiwa mjomba. Na yote haya yafanyike sasa, mkiwa bado mnachangiana nauli ya kwenda mazoezini, kwa sababu fedha zikishaingia kila mmoja atakumbuka kwa namna yake.

Sheria ya Kenya hulinda wimbo katika maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Wakiwa watunzi kadhaa, hesabu huanza anapokufa wa mwisho. Kijana wa miaka 20 akitunga mwaka huu na kujaliwa kufika 80, wimbo huo utakuwa na mwenyewe kwa miaka 110. Bila karatasi, wajukuu wa wapiga gitaa wanne watakutana mbele ya hakimu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ukumbini siku ile kiitikio kilipopatikana.