Mizani ya Barafuni

Yapo mashindano ambayo mshindi wake huonekana na kila mwenye macho: aliyetangulia kufika, au aliyenyanyua kilicho kizito zaidi. Yapo na mengine ambayo hapana ajuaye nani kashinda mpaka waamuzi waseme. Mchezo wa kuteleza juu ya barafu ni katika haya ya pili, na ndiyo maana suala la haki humwandama mchezaji wake hata baada ya kustaafu.

Toller Cranston alizaliwa mwaka 1949 mjini Hamilton, nchini Kanada. Alikuwa mchoraji wa picha na mtelezaji kwa pamoja, na barafuni alikwenda kama mtu achoraye kwa mwili mzima. Tangu 1971 hadi 1976 alikuwa bingwa wa wanaume wa nchi yake, miaka sita mfululizo. Ubingwa wa dunia hakuupata hata mara moja.

Kilichomzuia kilikuwa maumbo ya lazima. Kabla ya mchezo huru wenye muziki, kila mshindani alitakiwa kusimama kwa mguu mmoja, katika ukimya, achore duara kwa chuma cha kiatu chake, kisha alirudie juu ya alama ile ile. Alipomaliza, waamuzi waliteremka barafuni wakainama kuuchungua mstari: umepinda wapi, umetengana wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nusu ya alama zote zilitoka hapo. Mwaka 1972 mjini Calgary, Cranston aliongoza katika mchezo huru, lakini hakuvishwa medali. Mwaka 1974 mjini Munich aliongoza tena, akaishia wa tatu, nyuma ya Jan Hoffmann wa Ujerumani Mashariki na Sergei Volkov wa Muungano wa Kisovieti.

Je, alidhulumiwa? Wapenzi wa sanaa hawakawii kujibu ndiyo, na jibu lao lina haraka kupita kiasi. Kanuni ilijulikana, ilikuwa moja kwa wote, naye aliingia uwanjani kwa hiari yake. Zaidi ya hayo, mjini Innsbruck mwaka 1976 John Curry wa Uingereza, aliyeteleza kwa madaha ya mcheza baleti, alitwaa dhahabu ya Olimpiki, na Cranston akapata shaba. Curry aliyamudu maduara pia. Basi hoja kwamba duara huua sanaa haisimami. Mpenzi wa tungo analijua hili bila ya kufundishwa: vina na mizani havijamzuia malenga wa kweli, ingawa havijamfanya mtu yeyote kuwa malenga.

Hata hivyo, kanuni yaweza kuwa sawa kwa wote na bado ikauliza swali lisilo lenyewe. Maumbo yalikuwa na heshima yake, kwani ndiyo asili ya mchezo na hata jina lake la Kiingereza limetokana nayo. Lakini yalikuwa na mvuto mwingine kwa wapimaji: mstari hubaki juu ya barafu, mtu akaweza kuuonyesha kwa kidole, ilhali madaha hupita na muziki. Penye mambo mawili, moja likipimika na jingine lisipimike, mkono wa mpimaji huelekea kwenye lile la kwanza, pasi na hila wala upendeleo wowote. Mwamuzi mwenye hila huweza kukemewa. Mizani isiyo na hila haina wa kumkemea, na hapo ndipo ugumu wa kisa cha Cranston ulipo: alikosa kitu ambacho hapana mtu aliyemnyang'anya.

Uzito wa maumbo ulipunguzwa kidogo kidogo, na mara ya mwisho yalichorwa katika mashindano ya dunia ya 1990, mjini Halifax, Kanada, nchini kwake mwenyewe, miaka kumi na minne baada ya Cranston kuyaacha mashindano hayo. Hapana aliyezirejea medali za Calgary na Munich, na isingekuwa haki kuzirejea, kwa kuwa walioshinda walitimiza walilotakiwa, tena kwa jasho. Cranston alihamia San Miguel de Allende, Mexico, akaendelea kuchora picha zake hadi alipofariki huko Januari 2015.