Dalili na Hukumu

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Usemi huu ni wa kweli, lakini si kila wingu hunyesha. Baina ya wingu na mvua ipo nafasi, na katika nafasi hiyo ndimo mtu mwenye ujuzi hupimwa: je, atasema alichokiona, au atasema anachokidhani kana kwamba amekiona? Swali hili ni la kale mbele ya kadhi na mbele ya tabibu. Mahali pengine linapoulizwa kila siku, pasipo kutajwa kwa jina lake, ni gereji.

Injini ya gari haiishi bila oili. Oili hupita baina ya chuma na chuma ili visisuguane, hupunguza joto, na huchukua uchafu uzaliwao na kazi. Uchafu huo huzuiwa na chujio, chombo kilichoanza kuenea baada ya Ernest Sweetland kubuni lake huko Marekani mwaka 1923. Watu wengi hulitupa chujio kuukuu kama ganda la chungwa. Fundi mwangalifu hulikata, huikunjua karatasi iliyomo ndani, huitandaza mwangani, kisha huisoma.

Usomaji huo una kanuni zake. Chembe zirukiazo sumaku ni za chuma, nazo huenda zimetoka katika ringi za pistoni au kuta za silinda. Chembe nyeupe zing'aazo, zisizojali sumaku, aghalabu ni za aluminiamu, na pistoni hushukiwa. Zenye rangi ya shaba huogopwa zaidi, kwa kuwa tabaka ya juu ya beringi za krenkishafti ikilika, shaba iliyo chini yake huweza kujitokeza. Vipande vya plastiki hutoka katika vibao viongozavyo mnyororo wa taimingi. Vipande laini mfano wa mpira huwa ni silikoni aliyoipaka fundi mwingine kwa ukarimu usiohitajiwa. Tena injini mpya hutoa mng'ao kidogo wakati viungo vyake vinapozoeana, na mng'ao huo si ugonjwa.

Kwa hiyo chembe moja yaweza kuwa na wazazi wengi. Na mmoja wa wazazi hao aweza kuwa mchunguzi mwenyewe. Yupo fundi alikataye chujio kwa msumeno. Meno ya msumeno humwaga unga wa chuma juu ya karatasi, kisha yeye huuona unga huo, hutikisa kichwa, na kutangaza msiba. Ushahidi alioukuta ameuleta kwa mkono wake. Ndiyo sababu mafundi waliofunzwa hutumia kikataji chenye gurudumu, kikatacho kama kopo lifunguliwavyo, pasipo kumwaga unga. Jambo hili halihusu chuma tu. Amwendeaye jirani kwa maswali yaliyojaa tuhuma hupata majibu ya hofu, na hofu hiyo huiita dalili ya hatia.

Mwenye gari, kwa upande wake, ni mtu dhaifu katika shauri hili. Magari mengi ya Afrika Mashariki hufika yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na mnunuzi hajui yalivyotunzwa. Pengine gari ni teksi, na karo ya watoto imo katika magurudumu yake. Akioneshwa chembe tatu zing'aazo kwenye kiganja cha fundi, hana elimu ya kubishana nazo. Hapo fundi atafutaye kazi hushawishika kuzikuza, na dalali atafutaye mnunuzi hushawishika kuzifuta.

Atatokea mtu aseme kwamba kuonya kupita kiasi si kosa, kwa kuwa tahadhari haimdhuru mtu. Lakini hofu nayo ina bei. Kuifungua injini nzima iliyo salama ni kumnyang'anya mtu fedha kwa heshima, na injini iliyofunguliwa bila haja yaweza kufungwa vibaya. Mwingine atasema kwamba ni heri kunyamaza hadi yakini ipatikane. Huyo naye amekosea. Beringi iliyokufa haingoji yakini. Yaweza kuuvunja mkono wa pistoni, nao ukatoboa bloku. Aliyeona akanyamaza amekwisha hukumu, ila ameificha hukumu yake.

Ipo njia ya tatu, nayo ni ngumu kwa sababu haina fahari. Fundi aseme: nimeona hiki, kwa kiasi hiki, chaweza kuwa na maana hii au ile, na njia ya kujua zaidi ni hii. Azihifadhi chembe katika chupa safi, aandike kilomita, apime nguvu ya msukumo wa oili, kisha, vipimo vikiruhusu, chujio jipya lifunguliwe baada ya mwendo mfupi. Mwaka 1946 shirika la reli la Denver and Rio Grande Western, huko Marekani, lilianza kupima madini katika oili ya injini zake za dizeli ili kuugundua ulikaji mapema. Msingi wa kazi ya namna hiyo ni kulinganisha: kuongezeka kwa chembe husema mengi kuliko kuwapo kwake. Hata chujio safi si shahidi kamili wa usalama, maana likiziba, vali yake hufunguka na oili hupita bila kuchujwa.

Heshima ya fundi haipungui kwa kusema "huenda" pale penye huenda. Gari ni la mwenyewe, na hasara ni yake. Hapana budi uamuzi nao uwe wake. Lakini mtu hawezi kuamua kwa haki juu ya habari ambayo mwingine amekwisha kumwamulia kabla ya kumpa.