KISU KINAPIMWA KWA KAZI

Masomo: 1 Samweli 13:19-21, Yohana 18:10-27, Yohana 21:9-17



Juma lililopita nilishuka soko la Gisenyi kutafuta kisu, maana mama watoto alikuwa amechoka kumenya viazi na kile cha zamani. Muuzaji akanyoa nywele za mkono wake mbele yangu. Nikafurahi, nikalipa. Siku ya tano kisu kile kilishindwa na nyanya.

Nikakipeleka kwa ndugu yetu mmoja hapa kambini ambaye kule nyumbani alikuwa mhunzi. Akacheka. "Baba Mchungaji, kisu chochote kinakata siku ya kwanza. Ukali unatoka kwenye jiwe, lakini kuutunza ule ukali ni kazi ya chuma."

Akanionyesha anavyopima. Anabana makali juu ya kijiti cha shaba ya njano, polepole. Makali yakipinda yakabaki yamepinda, chuma ni laini. Yakimeguka, ni kigumu kupita kiasi. Yakipinda kidogo yakarudi, hicho ni chuma. Kisha anakata kamba ya katani juu ya ubao, anahesabu mara ngapi mpaka kisu kianze kuteleza. Huko Sheffield, Uingereza, mji wa visu tangu zamani, wana mashine ya kazi hiyo hiyo: kisu kinakata karatasi ngumu iliyochanganywa na mchanga, kwenda na kurudi, na hesabu inaandikwa.

Nikamwuliza kwa nini kingine kinameguka. Akasema chuma kikitolewa motoni na kuchovywa ghafla kinakuwa kigumu kama kioo. Lazima kirudishwe kwenye moto mdogo, mpaka kigeuke rangi ya majani makavu. Fundi mwenye haraka anaruka moto huo wa pili.

Hapo nikamkumbuka Petro. Usiku ule bustanini upanga wake ulikuwa mkali, sikio la Malko lilianguka. Lakini kabla jogoo hajawika, maswali matatu tu yalimmaliza, tena akiwa anaota moto wa makaa uani. Angalieni sasa Yohana 21: Bwana amewasha moto wa makaa ufukweni, ameweka samaki na mkate, na anamwuliza mara tatu. Hakumfokea. Alimrudisha kwenye moto, safari hii mdogo.

Wapendwa, sisi moto wa kwanza tunaujua. Wako kati yetu waliokuwa watoto katika kambi ya Mudende, karibu na Gisenyi hapa, iliposhambuliwa Agosti 1997 na tena Desemba mwaka ule ule, hata waliobaki wakapelekwa Gihembe. Wako waliovuka mpaka kutoka Goma na godoro kichwani. Tumechovywa ghafla, na wengine tumekuwa wagumu. Nasema wazi: kuna nyumba hapa ambazo hazipeani chumvi kwa sababu ya lugha ya jirani, na zote mbili zinaimba kwaya moja. Ugumu huo tunauita msimamo. Mhunzi angeuita chuma cha kumeguka.

Na mimi ni wa upande ule mwingine, wa kupinda. Nilipofika nilitembelea kila mlango. Mwezi wa saba nilianza kupita mbele ya mama mmoja mgonjwa nikijifanya nina haraka. Mahubiri ya Jumapili yalikuwa bado yanang'aa. Yule mama ndiye aliyeniita kwa jina siku moja, akaniuliza kama nimekasirika naye. Sikuwa na jibu. Nilikaa, akanipa uji.

Siku za Sauli, Israeli hawakuwa na mhunzi hata mmoja. Kunoa jembe au shoka ilibidi washuke kwa Wafilisti, adui zao, na kulipa fedha. Sisi mhunzi tunaye. Jumapili baada ya ibada atakaa nje ya kanisa na jiwe lake, na hatatoza hata faranga moja. Leteni visu vimefungwa kwenye kitambaa, watoto wasivibebe. Naomba majirani wasiosalimiana wapange mstari mmoja. Foleni itakuwa ndefu, na mimi nitakuwemo na kisu changu cha soko, ingawa fundi ameshanionya kwamba nitarudi kila juma.

Mchungaji wenu