Bei ya kusema kweli

Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay imekamilika, lakini njia nyingi za kupanda mashambani bado ni udongo. Ndiyo maana nilikwenda Mapera kutazama Land Rover 110 ya mwaka 1986. Mzee alitaka milioni 14. Fundi wangu akasikiliza injini, akatikisa kichwa kukubali.

Kabla sijatoa hela, mzee akasema: “Mwanangu, inama uangalie huku nyuma. Chasisi ilikatika kwa kubeba kahawa, nikaichomelea.”

Fundi hakuwa ameiona. Nikashusha bei hadi milioni 10. Mzee ana mgonjwa ndani, akakubali.

Rafiki zangu wanasema, biashara ndivyo ilivyo, bwana. Sawa, ubovu una gharama yake, na anayenunua ana haki ya kuikata. Lakini fundi alipiga hesabu ya kuichomelea upya: milioni moja na nusu. Hizo mbili na nusu nyingine zilikuwa za nini? Nilimtoza faini kwa kusema kweli.

Kila siku tunawalaani madalali waongo. Je, aliye mkweli tunamlipa nini?

Gari linapanda milima vizuri. Mimi ndiye nadaiwa.