Mzee Aliyeomba Mlima
(Yoshua 14:6–15)



Kalebu mwana wa Yefune alikuwa na miaka 40 alipotumwa pamoja na wenzake kumi na mmoja kuipeleleza nchi ya Kanaani. Kumi walirudi na hofu. Yeye na Yoshua walimtumaini Mungu. Ikapita miaka 45. Hata wakati wa kugawanya nchi ulipofika, Kalebu, mzee wa miaka 85, alimwendea Yoshua huko Gilgali kuomba urithi wake.

Je, aliomba nini? Angaliweza kuomba bonde lenye maji, akae kivulini. Lakini aliomba mlima, nao ni Hebroni, mahali pa Waanaki, watu warefu wenye miji ya maboma. Alijua ya kuwa nguvu zake zingalipo, walakini tumaini lake hakuliweka katika mikono yake, bali katika Bwana aliyemwahidia.

Basi, na tujichunguze. Mara nyingi twadhani kumheshimu mzee ni kumkalisha. Twamwondolea jembe, twamwambia, “Baba, pumzika.” Naye akikaa hivyo mwaka mzima, miguu yake yalegea na moyo wake wazeeka kabla ya mwili. Maana ndivyo tulivyoumbwa: kiungo kisichotumika hupungua nguvu, na kwa mzee hupungua upesi zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lawahimiza wenye miaka 65 na zaidi watembee au wafanye kazi ya kiasi kwa dakika 150 au zaidi kila juma. Tena siku tatu za juma wauzoeze mwili kusimama imara, wasianguke. Hiyo haifiki hata nusu saa kwa siku. Kwenda ibadani kwa miguu, kupalilia bustani, kumzuru jirani mgonjwa, yote yamo katika hesabu hiyo. Aliye na ugonjwa na amwulize mganga kwanza kiasi kimfaacho.

Sisi wenyewe tulikosa katika jambo hili. Usharikani kwetu alikuwako mzee aliyepiga kengele ya Jumapili kwa miaka mingi. Tukamhurumia kwa sababu ya kilima, tukampa kijana kazi ile pasipo kumwuliza mwenyewe. Baada ya miezi michache mzee akaacha kutoka nyumbani. Tulipomzuru, alituambia ya kuwa tangu siku ile haoni tena sababu ya kuamka mapema. Tukaona haya. Tukamrudishia kengele yake, na yule kijana tukamweka awe pamoja naye, amshike mkono kilimani na kujifunza kwake.

Lakini tusimgeuze Kalebu kuwa sheria ya kuwalemea wanyonge. Wako wazee wasioweza kuinuka kitandani. Hao wasidhani ya kuwa Mungu amewaacha, maana hatupokewi kwake kwa nguvu zetu, bali kwa neema tu. Mkumbukeni Ana binti Fanueli, mjane wa miaka 84. Hakupanda mlima wala hakupigana vita. Kazi yake ilikuwa kufunga na kuomba, naye akajaliwa kumwona mtoto Yesu hekaluni. Mzee aombeaye usharika kitandani pake anao mlima wake.

Tena Kalebu hakushika yote mwenyewe. Waanaki wa Hebroni aliwafukuza. Lakini mji wa Kiriath-seferi aliwaachia walio vijana, na Othnieli akautwaa. Huyo Othnieli ndiye aliyekuja kuwa mwamuzi wa Israeli baadaye. Mzee mwenye hekima hufanya sehemu yake, na sehemu nyingine humwachia kijana, ili kazi ya Bwana isife pamoja naye.

Basi ninyi wazee, msiseme kwamba mmebakiwa na kungoja kaburi tu. Maadamu Bwana awapa pumzi, awapa na kazi. Nanyi walimu na watoto wao, msiwaondolee wazee kazi zao kwa huruma isiyouliza. Jumapili ijayo mwendeeni mzee mmoja, mkamwulize kwa adabu, “Baba, mlima wako ni upi?” Kisha mpandeni pamoja naye.

Bwana aliyemhifadhi Kalebu jangwani na awahifadhi wazee wetu wote. Amina.